Alikwepa makaburi ya Ulaya, la baba yake hajaliona

Saa moja asubuhi, Oxon Hill, Marekani. Rosemary Komba anamwinua bibi wa miaka themanini na minane kitandani, anamketisha kwenye kiti cha magurudumu na kumfunga mkanda. Bibi anataka kuonyesha picha za safari yao ya Ulaya.

"Huyu alinisukuma kama mlevi," anasema bibi, akicheka.

Rosemary hacheki.

Kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani, kwa dola kumi na saba kwa saa. Februari mwaka jana baba yake alifariki huko Mbinga, Tanzania. Rosemary aliomba ruhusa ya wiki mbili akazike. Binti wa bibi, ambaye ni mwanasheria, alimjibu kwamba hakuna mtu wa kubaki na mama yake.

"Nilimzika baba kwenye simu," anasema Rosemary. "Mtandao ulikatika jeneza likiwa bado kwenye kamba."

Mei, binti huyohuyo alimshughulikia viza na tiketi chapchap. Bibi alitamani kuyaona makanisa ya mji mmoja wa kale Ubelgiji kabla hajafa, na kiti kilihitaji msukumaji.

Makanisa hayo yana zaidi ya miaka mia sita. Ndani, sakafu ni makaburi. Mapadri na matajiri wamelala chini ya mawe, na majina yao yamesagika kwa viatu vya wageni. Rosemary amelelewa asikanyage kaburi la mtu. Kila alipofika kwenye jiwe lenye jina, alikizungusha kiti.

"Nyoosha, Rosemary. Hiyo ni sakafu tu," binti alimwambia.

"Ni watu hao."

Binti alikishika kiti mwenyewe, akapita juu yao.

"Nililia palepale," anasema Rosemary. "Wakadhani nimeguswa na uzuri wa kanisa. Ilikuwa hasira. Nawakwepa wafu wa watu, na wangu sijamtupia hata konzi ya udongo."

Desemba hii familia ya bibi inataka makanisa ya mji mwingine. Rosemary amekataa. Anakwenda Mbinga kulijengea kaburi la baba yake, pamoja na mdogo wake, Gervas.

"Dada, saruji ipo na fundi yupo," Gervas anasema kwenye simu. "Njoo wewe. Picha za makanisa ziache hukohuko."

Binti wa bibi ameshamwambia kazi haitamsubiri.

"Basi atafute mwingine," anasema Rosemary, akimlisha bibi uji wake wa shayiri. "Huyu nitamkumbuka, hana kosa. Sijui nani atamwogesha. Lakini tiketi ninayo."