Macho ya Mwatum

Mwatum tuliyekaa naye mtaa mmoja Malindi, mjini Unguja, alikuwa na macho mawili mazima, lakini alipofika miaka saba wengi tulikuwa tukiliona moja tu. Kosa si lake. Ni la wazazi wake, na nikikumbuka mpaka leo hasira hunipanda.

Baba yake, Mkadam, fundi wa milango, alitoka Paje. Kwake yeye, mtoto anayesemeshwa akatazama chini ana uongo anaouficha, na kofi lilimfuata hapohapo. Mama yake, Bi Mwanapili, alizaliwa mtaa wa Ng'ambo kwa wazee wa Kinyamwezi. Msichana anayemkazia macho mkubwa wake, kwa Bi Mwanapili, hana adabu, na dawa yake ni kufinywa. Wote wawili wakali, na chumba chao kimoja.

Basi ikawa akitazama anafinywa, asipotazama anapigwa. Mwishowe akajitafutia njia: jicho la kulia akalikodoa kwa ajili ya baba, la kushoto akalifumba kwa ajili ya mama. Adhabu zikakoma. Wazazi wakaja kwangu, kila mmoja kwa wakati wake, kujisifu kuwa malezi yake yamefaulu.

Mwaka 1954 wakampeleka kuandikishwa skuli, nami nikawasindikiza. Nafasi ilikuwa imebaki moja, na Mwatum hakulala wiki nzima kwa kuitamani. Mwalimu mkuu akamwangalia, akaweka kalamu chini.

"Mtoto mwenye jicho moja ubao hatauona. Ntampa nafasi mwengine."

"Macho anayo mawili," alisema Bi Mwanapili. "Nimemzaa miye."

"Basi afumbue."

"Mwatum, fumbua," akasema Mkadam, huku mwenyewe anatazama sakafu kwa kumwogopa mwalimu. Bi Mwanapili naye alimkazia mwalimu macho kama anayetaka kumla mzima. Mtoto akamtazama baba, akamtazama mama, akazidi kulifumba lile jicho.

Mwalimu akamwinamia. "Kwa nini hufumbui, mwanangu?"

"Hili la baba," alisema Mwatum, akigusa la kulia. "Hili la mama."

"Na lako wewe lipi?"

Akafikiri sana, maskini.

"Miye sijapewa, mwalimu."

Mwalimu akachukua kalamu, akaandika jina lake. Kisha akatuomba sisi watu wazima tutoke nje.