Kigoda cha Baba na Bendi ya Makelele

Nashona nguo Bariadi mjini, na ninaposhona napenda kusikiliza bendi moja ya ng'ambo inayopiga muziki mzito wa panki. Gitaa zao zinanguruma kama mashine ya kuchambua pamba iliyomeza jiwe, ngoma zinakimbia bila kupumua, na mwimbaji anakoroma maneno ya kulaani vita na watu wanaopanga bei ya jasho la wenzao. Si muziki mtamu. Naupenda kwa sababu haunibembelezi. Siku nzima nawachekea wateja wanaoleta kitambaa leo na kutaka gauni jana; jioni nataka mtu akasirike kwa niaba yangu.

Mama ni mtu wa kwaya. Kwake ile ilikuwa sauti ya shetani.

"Spika hiyo itoke hapa kwangu," alisema, "labda baba yako aseme vingine."

Niliumia. Spika ningeweza kuipeleka kibandani ninakoshonea, lakini sikutaka mama yangu aniogope.

Ujanani baba alikuwa mwimbaji wa ngoma huko Lingeka. Baada ya mavuno, Wagika na Wagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma za Kisukuma, walicheza uwanja mmoja, saa ileile, na hakukuwa na jaji. Watu walihamia upande uliowavuta. Aliyekimbiwa na watu ndiye aliyeshindwa.

Jumapili mchana baba alikaa mlangoni mwa nyumba ili atuamue. Mama alikuwa jikoni na redio yake ya kwaya, mimi ng'ambo ya ua, karibu na tangi la maji, na spika yangu. Nilianza kumfafanulia maneno ya wimbo, akanizuia kwa mkono.

"Maneno baadaye, mayu, mwanangu. Hawa wanashindana na nani?"

"Na wakubwa, baba. Wenye vita, wenye bei."

"Mbona hao wakubwa siwasikii wakiimba?"

"Wao hawaimbi. Wanaamua tu."

Baba aliguna. Alisikiliza wimbo hadi mwisho, kisigino kikigonga chini. Kisha akabeba kigoda chake, akavuka ua, akaketi kando ya spika.

"Mzee, hata wewe!" mama alifoka kutoka jikoni.

Nilisubiri aje kuchomoa waya. Badala yake aliongeza sauti ya redio mpaka mwisho, akasimama mlangoni mwa jiko, akaanza kuimba kwa nguvu zake zote huku akitutazama. Nilifurahi hadi machozi yakanilenga. Mama hashindani na shetani, humkemea tu. Sasa alikuwa anashindana na ngoma.