Maneno Yasiyosemeka Mbele ya Mkwe

Mdomo ninao, na kiwanda kizima pale Homa Bay walijua hivyo. Lakini meneja wetu aliweza kuninyamazisha, tena kwa adabu zetu wenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kupasua mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani. Meneja alikuwa akinivizia kwenye chumba cha barafu, ananibana ukutani, mkono kiunoni, ananinong'onezea maneno ya kitandani. Nilimkanya, kisha nikamtukana. Akacheka tu, akanihamishia humo humo kwenye barafu kutwa nzima, mpaka vidole vikafa ganzi. Ningeacha kazi nikale nini, mawe? Nilishawahi kurudi kwetu Migori nikaponda mawe ya dhahabu kule Masara, kifua kikakataa. Maji yalikuwa yamenifika shingoni.

Basi nikapeleka malalamiko rasmi. Ofisi ikasema itaunda kamati ya watu watatu, nami nitayarudia mbele yao, kwa kinywa changu, yale hasa niliyoambiwa. Nikasema hata leo niiteni. Nikawa nafanya mazoezi nikifua nguo, nautamka ule uchafu wote mbele ya beseni.

Siku ilipofika nikaingia. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa ofisini, si mtu wa huku kwetu. Kando yake, mkuu wa stoo. Wa tatu, mwakilishi wa wafanyakazi, alikuwa mume wa binti yangu.

Sisi Wajaluo, mkwe unamheshimu mpaka unachoka. Tangu amwoe binti yangu hatujawahi kula pamoja. Tukikutana njiani, mmoja anapisha. Yeye alikuwa idara ya magari, mimi ndani kwenye samaki, tukamshukuru Mungu. Sasa nimweleze mwanamume huyu pale meneja aliponishika, na mwili wangu aliuita nini? Heri nivuliwe nguo sokoni.

Nikaomba mkwe abadilishwe. Mwenyekiti akashangaa: mtu wangu mwenyewe, si atanipendelea? Meneja, Mjaluo mwenzangu, naye ameketi humo humo, akasema kwa upole kwamba yeye hana neno, hata nikipendelewa. Alijua anachofanya, shetani yule.

Wakaniambia nianze. Mkwe alikuwa ameinamia meza. Nikafungua kinywa, ulimi ukagoma. Nikalia, kilio cha hasira, nao wakaandika kwamba nimeshindwa kueleza. Shauri likafungwa. Jumatatu nirudi kwenye barafu.

Mkwe akanifuata nje, akasimama kwa mbali, amenipa mgongo kama inavyotakiwa.

"Mama, meneja aliniambia mapema kwamba kesi ni yako," akasema. "Ningekataa kuketi kwenye kamati, ningefutwa. Nina watoto."

Watoto hao ni wajukuu wangu, na mmoja ana jina langu. Nikamwambia arudi kazini, kabla meneja hajauliza aliko.