Tangi Chini ya Kitambaa

Mama amekubali, baada ya ubishi wa mwaka mzima, kuja kukaa kwangu Makumira. Nyumba yake ya Kimandolu tutaipangisha. Basi Jumamosi iliyopita nilikuwa stoo kwake, vumbi mpaka kwenye kope, navuta masufuria ya shughuli na magunia ya sijui nini, mkono wangu ukagusa kioo. Sikuhitaji taa kujua kwamba ni lile tangi la samaki. Na papo hapo, nakuambia kweli, nikaisikia pampu yake ikitoa mapovu. Pampu yenyewe ilishaharibika zamani tukaitupa. Lakini mimi huisikia. Huisikia kanisani kabla ibada haijaanza, na huisikia zaidi nikiingia chumba chenye mgonjwa.

Tangi lilikuwa la baba. Alipewa na bosi wake, mgeni aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, akampa pamoja na samaki waliokuwamo: wadogo, rangi ya machungwa, mmoja na doa jeusi kichwani. Mtaani kwetu samaki alikuwa kitoweo, bwana. Majirani walikuja kuwatazama na kuuliza wataliwa lini, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kukasirika, alikasirika. Aliliweka sebuleni kati ya redio na picha ya harusi, na pale kwenye kochi lililolitazama ndipo alipokunywa chai yake kila jioni akitoka kazini. Mimi nilikaa sakafuni, mgongo kwenye miguu yake. Harufu ya mtori wa ndizi ilikuwa inatoka jikoni, pampu inabubujika.

Alinifundisha kazi moja tu, na aliifanya ionekane kubwa. Maji ya bomba, alisema, yana dawa. Yakiingia kwenye tangi moja kwa moja yanaua. Lazima yalale kwanza. Kwa hiyo kila Ijumaa nikirudi shule nilijaza ndoo na kuiacha wazi kwenye korido mpaka kesho yake. Hapo ndipo tulipochota maji machache machafu ya chini, tukarudisha machache yaliyolala. "Usibadilishe yote hata siku moja," aliniambia. "Samaki hakai kwenye maji tu. Anakaa kwenye maji aliyoyazoea." Mama, Mmeru wa kule juu kwenye migomba na kahawa, alicheka akisema Wachaga bwana, hata maji wanayaandalia kitanda. Baba akamjibu kwamba maji ya kwao ndiyo yaliyompaka rangi meno, asimfundishe mtu habari za maji. Mimi nina meno ya mama, ya kahawia, na nilicheka nimefunika mdomo.

Kisha baba akaugua. Alilazwa, na kila mama alipomtembelea, swali lake la kwanza lilikuwa lilelile: "Samaki wangu wanaendeleaje?" Mama akirudi alinieleza hivyo huku akivua viatu, na siku moja akaongeza, kana kwamba anaongea na viatu, kwamba mradi wale samaki wapo, baba atarudi. Hakulisema kama ahadi ya kushikilia. Lakini mimi nililishika hivyo. Nilikuwa darasa la nne, na tangu hapo nililitazama lile tangi kama wewe unavyotazama mlango unaposubiri mtu.

Sasa, unajua mambo yetu. Mtu akiugua, watu huja kutoa pole. Walikuja na ndizi, na maziwa mgando, na bibi akashuka kutoka mlimani na chombo cha loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando. Wakaketi sebuleni. Ukishasema pole, na ukishauliza madaktari wanasemaje, kinachobaki ni kutazama samaki. Na kila mgeni, kwa huruma yake, aliwamegea kipande: mkate huyu, andazi yule. Baba hakuwapo wa kuwakataza, nami mtoto ningewaambia nini watu wazima? Maji yakaingia ukungu, kisha ukijani, kisha harufu. Samaki wakawa wanapanda juu na kutweta mdomo nje. Nilijaza ndoo, nikaiacha ilale, nikachota kidogo, nikarudisha kidogo. Walitulia. Wewe! Furaha niliyokuwa nayo siku ile sijawahi kuipata hata nilipojifungua.

Habari ikaja kwamba baba anarudi. Akina mama wa jumuiya ya kanisani hawakusubiri kuitwa. Walifika asubuhi mimi nikiwa shuleni na mama akiwa hospitalini, khanga viunoni, wakiimba, na nyumba ile waliisafisha, ooh, waliisafisha. Walipiga deki mpaka uani, walifua mapazia. Mgonjwa hawezi kurudi kwenye nyumba yenye uchafu, ndivyo wanavyoamini, na ni imani nzuri. Walipolifikia tangi wakasikitika, masikini samaki hawa kwenye maji kama haya. Wakawatoa kwenye beseni, wakamwaga maji yote, wakasugua kioo na mawe kwa sabuni ya unga, wakajaza maji mapya kutoka bombani. Niliporudi nilisimama mlangoni na begi mgongoni. Sijawahi kuona maji yanang'aa vile. Samaki walikuwa wanaogelea kiubavu.

Jioni hakukuwa na hata mmoja aliye hai. Mama aliwaokota kwa kijiko cha wali, akawazika nyuma ya jiko chini ya mgomba. Wale akina mama walipopita kuaga aliwaambia asanteni sana, Mungu awabariki, na alimaanisha. Kisha akafungua droo, akatoa kitambaa cheupe cha kufuma, kile kikubwa cha Krismasi, akalifunika tangi lote mpaka chini. Pampu hakuizima. "Baba yako akiisikia atajua wapo," alisema. "Nawe ukiulizwa, wamelala."

Baba alirudi kesho yake, amekonda, sauti yake tu ndiyo ileile. Aliketi kwenye kochi lake. "Wanaendeleaje wangu?" Mama akasema wazima kabisa, daktari alikataza vumbi na ubaridi ndiyo maana tumewafunika. Mama yangu, mtu wa kanisa, asiyesema uongo hata kwa mkusanya sadaka! Baba akaitikia kwa kichwa. Kitambaa kikabaki, mapovu yakaendelea kusikika chini yake, na mimi nikawa nakaa sakafuni palepale nikisikiliza tangi tupu.

Kisha ikaja Jumapili moja mama alipokwenda kanisani. Baba alijiinua kwa kushika kiti, akakaribia tangi, akashika ncha ya kitambaa na kuifunua. Nilitaka kusema wamelala, lakini kitambaa kilishainuka. Alitazama muda mrefu. Maji meupe, mawe meupe, mapovu yanapanda. Akashusha kitambaa, akakinyoosha, akalinganisha ncha zake kama alivyozipanga mama.

"Usimwambie mama yako kwamba nimeona," alisema. "Anajitahidi sana."

Jioni ile mama alipomletea chai, baba aliuliza tena, kwa sauti ileile: "Samaki wangu wanaendeleaje?" Na mama akasema wazima. Kila jioni aliuliza, kila jioni akajibiwa, nami katikati yao niliyajua ya wote wawili na sikuwa na mahali pa kuyapeleka. Hakumaliza mvua za masika. Tulipotoka kumzika kwao Machame, mama alipita sebuleni bila kuvua kitenge cha kichwani akazima pampu. Kimya kile nacho ninakisikia mpaka leo.

Kochi halipo tena, redio haipo. Mgomba ulikatwa pakajengwa choo cha wapangaji wa vyumba vya uani. Wale akina mama wa jumuiya wengi tumeshawazika. Nililibeba tangi mpaka sebuleni, mama akaja taratibu na fimbo yake, akaugusa ule mstari mweupe ulioachwa na maji.

"Huwa nawaza," alisema. "Unafikiri baba yako alijua?"

Alinikazia macho. Ni miaka mingi, na yeye ni mzee, na mimi sasa ni mkubwa kuliko alivyokuwa siku ile ya kijiko.

"Hakujua, mama."

Alivuta pumzi ndefu, mabega yakashuka. Akafungua droo ileile, akanipa kitambaa kilekile, kimegeuka rangi ya chai.

"Haya basi," alisema. "Lifunike, twende nalo."