Salvatory Anafuga Maji

Mume wangu Salvatory na mama yangu mzazi walikaa miaka kumi na tisa bila kutazamana usoni, na hakuna mtu aliyeona ajabu. Kwetu Wasukuma, mwanaume na mama wa mkewe huheshimiana kwa kukwepana. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huacha njia akasimama pembeni mpaka mwenzake apite. Vijana wa siku hizi hapa Bariadi wamelegeza, wengine wanapiga picha na mama wakwe wamekumbatiana. Lakini Salvatory alilelewa Nkololo, mama kazeekea Lalago, na kwa ukaidi sijui nani angemshinda mwenzake. Salamu zao zilipita kwangu. Hata mbuzi wa Krismasi alipita kwangu.

Utaratibu huo ulikwenda vizuri kwa sababu kati yao palikuwa na kilomita nyingi. Mwaka jana sukari ikamtoboa mama mguu wa kushoto, karibu na kidole kidogo, na hospitali wakasema kidonda kisafishwe kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi mpaka kifunge. Kutoka Lalago mara tatu kwa wiki asingeweza. Nikamleta kwangu.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu na sebule katikati. Huwezi kwenda chooni, wala jikoni, wala nje, bila kukatiza sebule. Kwa hiyo mama, Nyanjige binti Bujiku, mwanamke aliyewahi kumfukuza fisi zizini kwa mwiko wa ugali, akajifungia chumbani kama mwali. Salvatory naye akawa anakohoa getini, anakohoa barazani, anakohoa mlangoni, ili mama apate muda wa kuvuta pazia. Chakula alikula barazani hata mvua ikinyesha. Kilichonitia hasira zaidi nilikigundua baadaye: mama alikuwa anajinyima maji ya kunywa ili asipate haja ya kutoka.

"Nirudishe kwangu, Jenifer," aliniambia kila asubuhi. "Nimemfukuza mume wako kwenye nyumba yake."

Muuguzi Violeth, aliyekuwa akimsafisha kidonda, alinivuta pembeni. "Akirudi kijijini kabla hakijafunga, mguu utakatwa. Na asilale kutwa nzima. Anatakiwa anyanyuke, anywe maji, atembee kidogo."

Nikamfikishia Salvatory maneno hayo yote, na machozi juu yake. Akasema, "Nimesikia." Huyo ndiye mume wangu. Ni fundi wa mabomba ya maji. Kazi yake ni kutafuta bomba lilipopasuka chini ya ardhi, na nadhani kule chini ndiko alikojifunzia kunyamaza. Ukimuuliza swali asubuhi, jibu unalipata jioni, na wakati huo wewe umeshasahau uliuliza nini.

Wiki mbili baadaye alitumwa Mwanza kikazi. Akarudi anaeleza habari ya kliniki fulani ya macho aliyokwenda kutengeneza bomba, ambako sebuleni kwao pana tangi la kioo lenye samaki wa rangi. "Watu wanaitwa namba zao hawasikii," alisema. "Wanatazama samaki tu." Kisha akatangaza kwamba na sisi tutakuwa nalo.

Nilimjia juu. Nilimwambia ndani kuna mgonjwa, na yeye anawaza mapambo. Nilimwambia samaki anayefahamika nyumba hii ni sato, na mahali pake ni kwenye sufuria. Akachukua futi kamba, akapima ukuta.

Fundi vioo wa hapa mjini alimkatia vioo vitano, akavigandisha kwa silikoni. Fundi wa kuchomelea akatengeneza meza ya vyuma, maana lita themanini za maji ni uzito wa mtu mzima. Tangi likawekwa kwanza barazani, likajazwa, likaachwa siku mbili kuangaliwa kama linavuja. Likavuja kona moja. Akalimwaga, akalikausha, akakwangua silikoni yote ya kona ile na kuanza upya, kwa uvumilivu ambao sijawahi kuuona akiwa anasubiri chai yangu. Mchanga aliuchota mtoni, akauosha ndoo baada ya ndoo mpaka maji ya kuoshea yakatoka safi. Maji yenyewe aliyaacha kwenye pipa lililo wazi kabla ya kuyatumia. "Dawa tunayoweka kuwalinda watu ndiyo inayoua samaki," alinieleza. Akapanda majani ya majini, akafunga pampu ya hewa na sponji ya kuchujia, akawasha. Mapovu yakaanza kupanda. Nikauliza samaki wako wapi.

"Wiki nne," akasema. "Maji lazima yakomae. Kuna vijidudu wanaokula uchafu wa samaki. Wasipokuwepo, samaki wanakufa kwa mkojo wao wenyewe."

Wiki nne! Jirani yetu Ngeleja, mwenye bajaji, alikuja kuona, akazunguka tangi mara mbili, akatoka nje akatangazia mtaa mzima: "Salvatory anafuga maji." Kuanzia siku hiyo wanaume kijiweni walimuuliza kama maji yameshazaa. Mama akasikia kicheko kupitia dirishani, akaniita.

"Mume wako anafuga nini?"

"Maji, mayu," nilimjibu, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma.

Alicheka. Tangu nimlete sikuwa nimemsikia akicheka. Kisha akasema, "Basi na wewe acha kumsimanga. Tangi lake naliona toka hapa nilipolala."

Nikakaa kitandani kwake nikatazama. Ni kweli. Tangi lilikuwa limewekwa kwenye ukuta unaotazamana na mlango wake, kimo kilekile cha mto wake. Pazia likifunguliwa kidogo tu, analiona lote. Hicho ndicho alichokuwa anapima kwa ile futi kamba. Niliona aibu, nikaenda jikoni nikampikia Salvatory viazi vitamu na maziwa ya mgando, kwa sababu kuomba radhi kwa mdomo sikuzoea.

Samaki walikuja na basi kutoka Mwanza, gapi kumi kwenye mfuko wa nailoni uliojazwa hewa, kila mmoja mdogo kuliko kidole changu cha mwisho, madume yana mikia ya rangi kama vitenge. Salvatory aliuacha mfuko uelee juu ya maji muda mrefu, wazoee joto, ndipo akawaachia. Kesho yake alipokwenda kazini tu, nikasikia fimbo ya mama inagonga sakafu. Alitoka. Akajivutia kigoda, akakaa mbele ya tangi mpaka saa sita, na alipopata kiu akaomba maji.

Siku ya tatu akatoa hukumu. "Madume saba, majike matatu. Nani kapanga zizi hili? Madume yatayasumbua majike mpaka yafe. Mwambie." Nikamwambia Salvatory, ambaye alikuwa barazani na alikuwa amesikia kila neno. Akaagiza majike sita zaidi. Mama akauliza kama yule mwenye tumbo jeusi anazaa karibuni, nikapeleka swali, likaja jibu kwamba gapi hatagi mayai, anazaa, nikapeleka jibu. Nimekuwa redio mimi. Lakini mama alikuwa anatembea, anakunywa maji, na Violeth alisema kidonda kimeanza kujaa nyama nzuri. Wimbo wa kurudi Lalago ukakoma.

Ndipo msimu wa pamba ukafunguliwa. Mimi ni karani wa mizani, na mwaka huo nilipangiwa Kasoli, Jumatatu mpaka Jumamosi, na kulala hukohuko. Nilimpanga Ngeleja ampeleke mama hospitali kwa bajaji Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, asubuhi. Nilimpanga Violeth. Nilipanga mboga. Jambo ambalo sikulipanga, kwa sababu sikulijua, ni kwamba wiki hiyo Salvatory alibadilishiwa zamu. Alikuwa anatoka nyumbani saa nane mchana.

Kwa hiyo kila asubuhi alikuwa sebuleni, mbele ya tangi lake, anasafisha kioo, anapunguza majani. Zamani angekaa barazani. Samaki walioletwa wamtoe mama chumbani ndio sasa waliomweka mkwe sebuleni. Jumanne Ngeleja akapiga honi. Mama akachungulia pazia, akaona mgongo wa mkwe wake, akamwambia Ngeleja kupitia dirishani arudi mchana. Mchana chumba cha kusafishia vidonda kimefungwa. Alhamisi ikawa vilevile. Salvatory aliniambia alidhani mama anapitia mlango wa nyuma. Nyumba hii haina mlango wa nyuma, ameijenga mwenyewe! Ukweli ni kwamba hakutaka kuwaza mama wa mkewe anapita wapi. Kuwaza kwenyewe kwake ni utovu wa adabu.

Wakati huohuo walikuwa wanalisha. Yeye asubuhi, chembe chache za chakula cha dukani, na usiku akirudi chembe chache tena. Mama mchana, akishabaki peke yake, konzi ya unga wa dona, maana kwao mnyama akionekana mbavu ni aibu ya mwenye nyumba. Nikiwepo ningejua. Sikuwepo, na wao hawasemezani. Ijumaa maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele.

Jumamosi nilirudi saa saba. Nikakuta sakafu imelowa, tangi limebaki nusu, mpira wa kunyonyea maji umetupwa, samaki wako juu wanahema midomo wazi, watatu wanaelea. Salvatory hayupo. Kitanda cha mama kitupu, fimbo haipo. Nilijua ameondoka kwenda Lalago na mguu ule, na nilimchukia kila mtu, yeye, mume wangu na samaki. Nilipiga simu ya Salvatory, ikaita ndani ya nyumba, juu ya meza ya tangi.

Ngeleja ndiye aliyeniambia. "Wako hospitali," akasema, na macho yamemtoka. "Wote wawili. Bajaji moja."

Niliwakuta kwenye benchi la ukumbi wa hospitali. Mama kwenye ncha ya huku, Salvatory kwenye ncha ya kule, katikati pangeweza kukaa gunia la pamba. Mmoja anatazama dirisha, mwingine anatazama mlango. Kwenye magoti ya Salvatory kulikuwa na kandambili moja ya mama, ya mguu wa kushoto, ameishika kwa mikono miwili.

Habari nzima niliipata kwa vipande, na kila mmoja ana yake. Wanakubaliana kwamba asubuhi Salvatory aliona samaki wanahema, akaanza kunyonya maji, anajiuliza kwa sauti kosa ni lipi. Mama alimsikia akilaumu pampu, akilaumu sponji. Akashindwa kuvumilia. Akatoka na fimbo, akampa mgongo, akaliambia pazia: "Ni mimi. Nawapa unga kila siku."

Salvatory akakijibu kioo: "Na mimi nawapa mara mbili, mayu."

Basi wakacheka, anasema mama. Hatukucheka, anasema Salvatory. Mama akakaa kwenye kigoda, amempa upande, ashike mpira usiteleze kwenye ndoo. Na hapo, chini pale, akiwa amepiga magoti karibu na mguu ule, mume wangu akasikia harufu. Bandeji ilikuwa ya Jumamosi iliyopita. Akaacha maji yalipofika, akatoka, akapiga yowe la kumwita Ngeleja, na kwa kuwa mama hakuweza tena kukanyaga, akambeba.

Akambeba! Nilipolisikia hilo nilikaa chini.

Daktari alisema siku mbili zaidi, angekuwa anazungumzia goti. Wakakata kidole kidogo. Mguu ukabaki.

Usiku wa siku ile, tumeshajaza maji tangi, Salvatory alisema kitu bila kuulizwa. "Sikumtazama," alisema. "Nilipokuwa nanyonya maji, sura yake ilitokea kwenye kioo, nami siwezi kufumba macho nikifanya kazi." Akapangusa kioo kwa kiganja. "Kumbe unafanana naye." Miaka kumi na tisa nimemwambia nimefanana na mama.

Kidonda kilichukua miezi minne kufunga. Salvatory aliendelea kukohoa mlangoni, na mama akaanza kujibu kutoka ndani, "Pita, baba." Aliyelisha ilibidi ageuze kifuniko cha chupa juu ya tangi, ili mwenzake akija ajue samaki wameshakula. Siku Violeth alipotoa bandeji ya mwisho, mama alirudi nyumbani kwa miguu yake, nikiwa nyuma yake, akaingia sebuleni bila kusubiri kikohozi. Salvatory alikuwa ameinama mbele ya tangi, anakamulia sponji kwenye ndoo.

"Mwambie kimefunga," mama aliniambia.

"Mwambie mwenyewe," nikasema, nikaenda jikoni. Lakini nilibaki mlangoni.

Mama alisimama nyuma ya mgongo wa mkwe wake. Salvatory hakugeuka, wala mama hakuzunguka mbele. Wote wawili walitazama kioo, na humo wakaonana.

"Kimefunga, baba."

"Nimeona, mayu," Salvatory alisema, akairudisha sponji ndani ya maji.