Kidole Kilichoanzia Kulia

Muhula ule wote nilifundisha roho juu. Nilikuwa nimeomba uhamisho kutoka Modogashe, na kila simu ilipotetemeka mfukoni, chaki ilisimama ubaoni. Watoto wa gredi ya pili waliniita Mwalimu Haraka, nami nilijifanya sijui.

Kwenye dawati la mbele alikaa msichana mmoja aliyenichosha kabisa. Nikimwandikia "lima", anasoma "mali". Nikiandika "kata", anasema "taka". "Kuku" na "baba" aliyapatia kila siku, nikasema ni bahati tu. Nilidhani anabahatisha, nikamjazia daftari alama za makosa kwa kalamu nyekundu.

Mamake, muuza maziwa ya ngamia pale stendi, alikuwa ameshanionya kwa lafudhi yake ya Kisomali: "Mwalimu, kama hii mtoto habana soma mbaka shule ifungwe, inaenda kwa ayeyo yake. Mbuzi iko mingi huko."

Ayeyo ni nyanya. Na huko malishoni kwa nyanya hakukuwa na shule.

Siku ya kufunga shule, mama alikuja kumchukua. Ripoti ilikuwa tayari mezani: "Hajui kusoma." Nikataka ajionee mwenyewe, nisije nikalaumiwa. Nikamwita mtoto ubaoni, nikaandika "lima". Kwa kuwa mama alisimama mlangoni akitazama, kwa mara ya kwanza nilinyamaza na kungoja.

Msichana aliweka kidole upande wa kulia, chini ya "ma", akakisogeza kushoto taratibu. "Ma-li."

Ndipo nikakumbuka. Kila alfajiri, kabla ya kuja kwangu, mtoto huyu alikuwa dugsi, chuo cha Kurani, na huko mstari huanzia kulia. Alikuwa anasoma tangu muhula ulipoanza. Nikamshika kidole, nikakipeleka kushoto.

"Li-ma," akasema. Nikaandika lingine. "Ka-ta." Akanigeukia akicheka.

Mama alinyoosha mkono akachukua ripoti. Yeye hakusoma shule. "Imeandikwa nini?"

Nilimsomea. Kisha nikamweleza nilivyokosea, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kujitetea.

Mama alinirudishia ripoti. "Basi ibaki shule," akasema. "Lakini mwalimu, miezi yote hii, wewe hukuona kidole yake?"

Saa niliitazama. Simu niliitazama, na barabara ya kwenda Garissa niliitazama kila siku. Kidole sikukiona.