Chumvi ya Mke, Nyasi za Mume

Anavuta pumzi, anaibana, ndipo anafungua kifuniko cha ndoo. Mkono unazama, kata inatoka na unga mweupe, kifuniko kinarudi haraka. Anatoka nje ya banda la pampu kabla ya kuiachia pumzi. Kikohozi kinamfuata huko huko.

"Mimi na hii dawa tunacheza kujificha," ananiambia mimi niliyesimama mlangoni, akifuta macho kwa kiwiko. "Na kila siku ni mimi ninayeonekana."

Majirani wanamwita Mama Bwawa. Huu ni mwaka wake wa tisa akisafisha bwawa la kuogelea la nyumba hii. Dawa anayoisema ni klorini, inayoua vijidudu na kuyaacha maji yaking'aa kama kioo. Waogaji hukisifu kioo. Anayekipangusa, nani amewahi kumuuliza kifua chake kikoje?

Juma hili ameulizwa jambo, na leo lazima ajibu.

Mwenye nyumba ni mjane anayelea wajukuu wawili. Wakitoka majini macho yao huwa mekundu, naye anataka kuweka mtambo wa chumvi. Fundi alimweleza kwamba klorini haitakwisha kabisa: chumvi inatiwa bwawani, kisha mtambo unaitumia kutengeneza klorini yenyewe, kidogo kidogo, ndani ya bomba. Hakuna unga wa kuchota.

"Mwanangu, wewe ndiye unayeshinda na haya maji," mjane alimwambia. "Fundi akija nimwambie nini?"

Ungedhani jibu lipo mdomoni. Mwaka jana Mama Bwawa alichota dawa kwa kata iliyolowa. Ndoo ilifoka, moshi ukampiga usoni.

"Kosa la haraka. Nilikuwa nimetoka kuiosha, sikuikausha. Hii dawa ukiitia kwenye maji mengi inatulia. Ukiitilia maji kidogo, inapandwa na hasira."

Daktari alimwambia kifua hakitavumilia moshi mwingine kama ule.

Kinachomfunga ulimi kiko nyuma ya banda, kimeshika reki: mume wake, mtunza bustani wa nyumba hii hii. Maji ya bomba huja kwa mgao, kwa hiyo nyasi zake huishi kwa maji yaliyooshea chujio la bwawa. Huyaacha kwenye mapipa wazi, jua likapunguza klorini, kisha humwagilia. Chumvi haiondoki kwa jua. Nyasi zikiungua, mtunza nyasi wa nini?

"We sema chumvi, mke wangu," mume anamwambia. "Nyasi zikifa nitaota mimi pale, mnikate kila Jumamosi."

"Acha mzaha, utanikohoza."

"Basi sema klorini, nikuzike penye nyasi nzuri."

Utani umepita kiasi, na mwenyewe anajua. Anainamisha kichwa na kuanza kukwangua majani mahali ambapo hakuna majani.

"Tunakula chungu kimoja," Mama Bwawa ananiambia kwa sauti ya chini. "Nikijiponya, namfukuzisha. Nikimlinda, najimaliza."

Anakunja mikono ya shati, anaikunjua, anaikunja tena. Kisha anaelekea mlango wa jikoni, mjane anakomenyea vitunguu.

"Mama, mimi nataka chumvi. Kifua changu kimechoka. Lakini mume wangu asije akaondoka kwa ajili ya nyasi. Paa lote hili linamwaga mvua barabarani bure. Wekeni tangi, tutamwagilia hiyo."

Kisu kinasimama. "Kifua? Mbona hukuniambia kama unaumwa?"

"Ungeniweka kazini, mama?"

Mjane anafuta kisu kwa kanga. Anarudia kitunguu chake. "Nimekusikia," anasema mwishowe, na katika neno hilo hakuna ndiyo wala hapana.

Mama Bwawa anarudi bustanini. Anamweleza mumewe yote, mpaka lile swali lisilojibiwa.

"Umemwambia hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Akikubali, tangi utalisimamia wewe, na mimi nitajifunza mtambo. Akikataa, tunaondoka wote wawili, asibaki mmoja kumlilia mwenzake. Bustani na mabwawa yako mengi mji huu. Kifua ninacho kimoja."

Honi inalia nje. Gari la fundi. Mume anaegemeza reki ukutani, anamtazama mkewe kidogo, kisha anakwenda kufungua geti.